Wathrakia: Taifa Ambalo Halikuwahi Kuwa Moja

Mthrakia mmoja tu ndiye anayejulikana karibu dunia nzima, naye alifia ugenini. Mwaka 73 KK Spartacus alitoroka na wenzake wapatao 70 katika shule ya wapiganaji wa maonyesho mjini Capua, Italia. Wakajificha kwenye Mlima Vesuvius, watumwa wengine wakamiminika kwao, na kwa miaka miwili Roma haikulala. Aliposhindwa, mateka 6,000 walisulubiwa kando ya barabara itokayo Capua kwenda Roma. Kisa hicho wengi tunakijua. Lakini kwao Spartacus ni wapi? Waandishi wa kale wanasema alikuwa Mthrakia, kisha wanaendelea na habari nyingine. Warumi walifika hadi kuligeuza neno hilo kuwa jina la aina fulani ya mpiganaji wa uwanjani, mwenye ngao ndogo na upanga uliopinda, hata kama aliyelibeba hakuwahi kuiona Thrakia.

Kwao kulikuwa kukubwa. Thrakia ilianzia pwani ya kaskazini ya Bahari ya Aegean, ikapanda juu ya Milima ya Rhodope, ikashuka kwenye bonde pana la Mto Maritsa, ikavuka Milima ya Balkani na kufika Mto Danube. Mashariki ilikomea Bahari Nyeusi. Leo eneo hilo ni Bulgaria karibu yote, kona ya kaskazini-mashariki ya Ugiriki, na ile sehemu ya Uturuki iliyo upande wa Ulaya. Ng'ambo ya Danube, katika Romania ya sasa, waliishi ndugu zao Wageta na Wadakia, ambao mwanajiografia Strabo anasema lugha yao ilikuwa moja na ya Wathrakia. Msomaji wa Biblia amewahi kupita pembezoni mwa nchi hiyo bila kujua: Paulo aliposafiri kwa merikebu kutoka Troa, alifika Samothrake, kisha Neapoli, kisha Filipi. Samothrake maana yake ni Samo ya Thrakia, na Filipi ulijengwa katika ardhi iliyokuwa ya Wathrakia kabla mfalme wa Makedonia hajautwaa mwaka 356 KK na kuupa jina lake.

Habari zao zimesokotana kama uzi ulioachiwa paka, na kila anayesimulia kuinuka na kuanguka kwao huanza kwa kudhani kulikuwa na kitu kimoja kilichoinuka, kisha kikaanguka. Nadhani kosa linaanzia hapo.

Jina walilopewa

"Wathrakia" ni jina la Wagiriki. Hakuna ushahidi kwamba watu wenyewe walijiita hivyo wote kwa pamoja. Walikuwa Waodrisi wa bonde la Maritsa, Wabesi wa milima ya Rhodope waliokuwa na mahali pa kuagulia pa mungu Dionysus, Watribali wa kaskazini-magharibi, Wamaedi wa Mto Struma, Wageta wa Danube, na makabila mengine mengi. Homer tayari anawataja: katika utenzi wake wa vita vya Troy yumo mfalme Rhesus, mwenye farasi weupe wakimbiao kama upepo na silaha za dhahabu, aliyeuawa usingizini usiku ule ule alipowasili vitani. Wathrakia wanaingia katika maandishi ya dunia wakiwa matajiri, wakiwa na farasi, na wakiwa wamelala.

Katika karne ya 5 KK Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika jambo ambalo tangu hapo limekuwa likirudiwa na kila mtu. Alisema Wathrakia ndio taifa kubwa kuliko yote duniani baada ya Wahindi, na kwamba wangekuwa chini ya mtawala mmoja, au wangekuwa na nia moja, hakuna ambaye angewaweza. Lakini hilo, akasema, halitawezekana kamwe, na ndiyo maana ni dhaifu.

Sisi tuliolelewa na methali ya umoja ni nguvu tunaisoma hukumu hiyo na kuikubali mara moja. Naomba tusiharakishe. Herodotus alikuwa akiwatazama kutoka pwani, kwenye miji ya Kigiriki iliyojengwa ukingoni mwa nchi yao: Abdera, Maroneia, Ainos, Byzantion, Apollonia. Miji hiyo ilinunua kutoka bara nafaka, mbao, farasi, fedha, dhahabu, na watu.

Hilo la watu lisipitwe kwa haraka. Herodotus anasema Wathrakia waliwauza watoto wao wenyewe wapelekwe ng'ambo. Wagiriki walikuwa hata na neno la mtumwa aliyenunuliwa kwa chumvi, kwa kuwa wakuu wa bara, mbali na bahari, walibadilishana binadamu kwa chumvi. Mjini Athens "Thratta", yaani mwanamke wa Thrakia, lilikuwa jina la kawaida la mjakazi. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa biashara ya namna hiyo huendaje: mnunuzi yuko bandarini, bei iko bandarini, na bara kila mkuu mdogo anajua kwamba vita na jirani ni mtaji. Anayeuliza kwa nini Wathrakia hawakuungana aanze kwa kuuliza nani alifaidika walipopigana wao kwa wao.

Herodotus anasimulia mengine pia. Anasema kuchanjwa nakshi mwilini kulikuwa alama ya ungwana, na kutochanjwa ilikuwa dalili ya mtu asiye na ukoo. Anasema kulima kulionekana aibu na kuishi kwa vita kulionekana heshima. Anasema kabila la Watrausi lilimlilia mtoto anapozaliwa, kwa mateso yanayomngoja, na kumzika marehemu kwa furaha. Haya ya mwisho huenda yana ukweli wa imani fulani ya maisha baada ya kifo, maana Wageta nao walisadiki kwamba hawafi, bali wanakwenda kwa mungu wao Zalmoxis. Ila hilo la kudharau kilimo siliamini hata kidogo likisemwa juu ya watu wote. Nchi iliyouza nafaka ilikuwa na wakulima. Herodotus alisikia fahari ya mabwana, akaiandika kuwa desturi ya taifa.

Tatizo ni kwamba hatuna sauti ya upande wa pili. Wathrakia walizijua herufi za Kigiriki lakini hawakuzitumia kuandika historia yao. Mwaka 1912 katika kijiji cha Ezerovo, Bulgaria, ilipatikana pete ya dhahabu ya karne ya 5 KK iliyochongwa herufi 61. Herufi zinasomeka moja moja bila shida, kwa kuwa ni za Kigiriki. Lugha ni ya Kithrakia, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana maneno yanaishia wapi na yanaanzia wapi, achilia mbali maana. Maandishi machache zaidi yamepatikana, mafupi vilevile. Lugha iliyosemwa na watu wengi namna ile imetuachia mabaki yasiyojaza ukurasa mmoja wa daftari, pamoja na majina ya watu, mito na miji.

Kabla ya kuendelea, kuna mkanganyiko mmoja wa kuondoa. Mjini Varna kuna makaburi maarufu yenye dhahabu ya takriban mwaka 4500 KK, na mara kwa mara utasoma kwamba ni dhahabu ya Wathrakia. Siyo. Kati ya makaburi hayo na Waodrisi kuna miaka elfu nne, muda mrefu kuliko ule unaotutenganisha sisi na Homer. Kuishi mahali pamoja hakuwafanyi watu kuwa wamoja.

Ufalme wa zawadi

Waliowalazimisha Wathrakia kufikiria dola walikuwa Waajemi. Mfalme Dario alivuka kuingia Ulaya mwaka 513 KK hivi, na majemadari wake wakaitiisha pwani ya kusini. Kwa miaka zaidi ya 30 Wathrakia wengi walitazama jinsi dola kubwa linavyofanya kazi: ngome, kodi, wajumbe, vyombo vya fedha vinavyotolewa kwa wakuu watiifu. Waajemi walipotimuliwa na Wagiriki mwaka 479 KK, waliacha ombwe na pia mfano wa kuigwa. Aliyewahi kulijaza ombwe hilo ni Teres, mkuu wa Waodrisi. Mwanawe Sitalces akaupanua ufalme hadi ukafika kutoka Abdera hadi mdomo wa Danube, safari ya siku nne mchana na usiku kwa merikebu yenye upepo mzuri, kwa kipimo cha mwanahistoria wa Kiathene Thucydides.

Thucydides alikuwa mtu wa kuaminika katika hili. Baba yake aliitwa Olorus, jina la Kithrakia, naye mwenyewe alikuwa na haki ya kuchimba dhahabu huko. Anasema kwamba chini ya Seuthes I, aliyemfuata Sitalces, kodi ilifikia talanta 400 kwa mwaka, na zawadi za dhahabu na fedha hazikuwa pungufu ya hapo, mbali na nguo na bidhaa nyingine. Zawadi hizo hazikupelekwa kwa mfalme peke yake, bali pia kwa wakuu na waungwana wa Waodrisi. Kwao, anasema, ilikuwa aibu kubwa zaidi kunyima ulipoombwa kuliko kuomba ukanyimwa, na hakuna lililofanyika bila kutoa kitu.

Kwa jicho la leo tutasema hiyo ni rushwa. Lakini tukisema hivyo tumepoteza ufunguo wa mambo yote. Ufalme wa Waodrisi haukuwa na daftari za walipa kodi wala makarani. Ulichokuwa nacho ni uhusiano wa mtu na mtu, na zawadi ndiyo iliyouweka hai. Mkuu wa bonde alimpa mfalme bakuli la fedha, mfalme akamlisha mezani pake na kumpa binti, na kwa hayo wakawa wamefunga mkataba. Mwaka 1985, katika kijiji cha Rogozen kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, mwanakijiji mmoja akichimba bustanini mwake alikutana na vyombo vya fedha. Vilipokusanywa vyote, pamoja na vile vilivyofukuliwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, vilikuwa 165, uzito wa kama kilo 20. Baadhi vimechongwa jina la mfalme Cotys na majina ya miji. Ukiviona vimepangwa, unaona ufalme wenyewe umelazwa mezani, chombo kwa chombo.

Xenophon, aliyekuwa Mgiriki na askari wa kukodiwa, alikaa katika karamu ya namna hiyo majira ya baridi ya mwaka 400 kuelekea 399 KK, akimtumikia Seuthes II. Nyama na mikate mikubwa viliwekwa kwenye meza za miguu mitatu mbele ya wageni, na desturi ilikuwa kwamba mwenyeji aimege mikate na kuwarushia awapendao. Divai ilizungushwa kwa pembe. Mthrakia mmoja akaingia na farasi mweupe, akainywa pembe yake, akamzawadia Seuthes farasi huyo. Mwingine akaleta mtumwa kijana. Xenophon hakuwa na kitu, na anakiri kwamba alikuwa ameshalewa kidogo, hivyo akasimama akatoa zawadi ya nafsi yake na wenzake wote. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba divai iliganda mitungini na Wagiriki wengi wakapoteza pua na masikio. Ndipo akaelewa kwa nini Wathrakia huvaa kofia za ngozi ya mbweha zinazofunika masikio na majoho yanayofika miguuni hata wakiwa juu ya farasi. Kazi ilipokwisha, ujira wa askari ulicheleweshwa, wakaanza kugombana. Heshima ya karamu na mshahara wa mwezi vilikuwa mambo mawili mbalimbali.

Udhaifu wa mfumo huo unaonekana vizuri kuliko popote katika vita vya mwaka 429 KK. Sitalces, akiwa mshirika wa Athens, alikusanya jeshi ambalo Thucydides anaripoti kuwa lilisemekana kuwa na watu 150,000, theluthi moja wakiwa wapanda farasi. Lilipoteremka kuivamia Makedonia, hofu ilienea hadi kwa Wagiriki wa kusini. Mfalme Perdiccas wa Makedonia hakuwa na jeshi la kulikabili. Akafanya nini? Akamwendea kwa siri Seuthes, mtoto wa ndugu yake Sitalces, akamwahidi dada yake Stratonice awe mkewe pamoja na mali. Merikebu za Athens hazikuja, chakula kikapungua, baridi ikaingia, na Seuthes akamshauri ami yake warudi. Baada ya siku 30 jeshi lile lote likarudi nyumbani. Perdiccas alitimiza ahadi ya ndoa. Miaka mitano baadaye Sitalces alikufa akipigana na Watribali, na aliyerithi kiti alikuwa Seuthes.

Jeshi la namna ile hukusanyika kwa sababu kila mkuu anatarajia fungu lake, na hutawanyika fungu linapopatikana kwa njia nyingine. Wathrakia walikuwa wapiganaji hodari, na ngao zao nyepesi na mikuki ya kurusha viliigwa na Wagiriki wenyewe. Ila ujasiri wa mtu mmoja mmoja ulikuwa bidhaa. Mwaka 413 KK Athens iliwakodi Wathrakia 1,300 wa kabila la Wadii, ikaona ni ghali kuwaweka, ikawarudisha kwao na kamanda wa Kiathene aliyeambiwa awatumie njiani kudhuru maadui. Walifika mji mdogo wa Mycalessus alfajiri, wakaua kila kilichopumua, hata watoto waliokuwa wameingia shuleni. Thucydides anawalaumu kwa kiu yao ya damu, na ana haki. Lakini aliyewaongoza pale alikuwa Mwathene.

Cotys, na kisu

Mtawala aliyekaribia zaidi kuwa mfalme wa Thrakia yote ni Cotys I, aliyeanza kutawala mwaka 383 KK hivi. Chini yake na warithi wake ndipo zinapoonekana dalili za serikali yenye sheria. Karibu na Vetren, Bulgaria, mwaka 1990 lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kigiriki kutoka mji wa biashara wa Pistiros, mbali bara, kando ya Maritsa. Mmoja wa warithi wa Cotys anawaapia wafanyabiashara wa Kigiriki kwamba ardhi yao haitatwaliwa, madeni waliyowakopesha Wathrakia hayatafutwa, hawatawekewa kikosi cha askari, na bidhaa zao hazitatozwa ushuru barabarani. Hii ni hati ya mtawala anayeelewa kwamba biashara inahitaji uhakika. Ukiisoma, ile picha ya watu wanaoishi kwa kupora tu inavunjika.

Cotys alipigana na Athens kwa miaka mingi juu ya rasi ya Gallipoli, njia ya nafaka itokayo Bahari Nyeusi, huku mkwewe akiwa Iphicrates, jemadari wa Kiathene. Mwaka 360 KK ndugu wawili kutoka Ainos walimchoma kisu. Athens iliwapa uraia na mataji ya dhahabu.

Ufalme ukagawanyika mara moja kwa watu watatu: Cersobleptes mwanawe, Amadocus na Berisades. Wafalme wa Thrakia walioa wake wengi, na kila ndoa ilikuwa mkataba na ukoo fulani, kwa hiyo kila kifo cha mfalme kilifungua upya mikataba yote kwa wakati mmoja. Athens ilifurahia mgawanyiko huo, ikasaini mapatano na hao watatu ikihakikisha wanabaki watatu. Haikuona kwamba aliyenufaika zaidi alikuwa Filipo wa Makedonia. Filipo alianza na dhahabu ya Mlima Pangaion, akammaliza mmoja, akamtisha mwingine, na kufikia mwaka 341 KK Cersobleptes alikuwa ameng'olewa. Katika bonde la Maritsa Filipo aliweka walowezi na kuuita mji huo Philippopolis.

Hapo vitabu vingi vinaandika neno "mwisho". Hebu tuone. Kizazi kimoja baadaye, Aleksanda mwana wa Filipo akiwa amekufa na Lysimachus akiwa ndiye mtawala wa Thrakia kwa jina, mkuu wa Waodrisi aitwaye Seuthes III alikuwa akipigana naye bila kusalimu amri, na kujenga mji mkuu wake, Seuthopolis, karibu na Kazanlak ya leo. Mji huo uligunduliwa mwaka 1948 wakati wa maandalizi ya bwawa. Wanaakiolojia walipewa miaka michache wachimbe, kisha maji yakafunguliwa. Sasa mji mkuu pekee wa Wathrakia uliochimbwa hadi mpango wake wote ukaonekana, kuta, mitaa na jumba la mfalme, uko chini ya bwawa la Koprinka. Nikiwaza hilo huwa naumia. Mwaka 2004, kilomita chache kutoka hapo, lilifunguliwa kaburi chini ya kilima cha Golyama Kosmatka. Ndani yake kulikuwa na shada la dhahabu, vyombo vya fedha na kofia ya vita vyenye jina la Seuthes, na nje kilizikwa kichwa chake cha shaba nyeusi. Uso una mikunjo, ndevu nzito, na macho yaliyotengenezwa kwa kioo na jiwe, yanayokutazama kama mtu aliyeamshwa. Kati ya Wathrakia wote, huyu ndiye tunayeweza kumtazama machoni.

Bonde hilo lina vilima vingi vya makaburi hata linaitwa bonde la wafalme. Kaburi la Kazanlak lilipatikana mwaka 1944 na askari waliokuwa wakichimba handaki: kwenye dari la mviringo wamechorwa mume na mke wameketi mezani, wameshikana mikono, farasi wakiletwa kutoka pande zote. Kaburi la Sveshtari, katika nchi ya Wageta, lina wanawake 10 wa mawe wameinua mikono kubeba paa. Na mwaka 1949 ndugu watatu wakichimba udongo wa kiwanda cha vigae huko Panagyurishte walifukua vyombo tisa vya dhahabu, zaidi ya kilo sita. Mojawapo ni bakuli la tambiko ambalo mafundi wamelizungushia safu tatu za nyuso za Waafrika, zikikua kadiri zinavyotoka katikati, kila uso umetengenezwa kwa uangalifu. Tazama hilo, kisha kumbuka kwamba Xenophanes, mwanafalsafa wa Kigiriki, alipotaka kuonyesha kwamba kila watu humchora mungu kwa sura yao, alichagua mifano miwili: Waethiopia wenye miungu myeusi na Wathrakia wenye miungu ya nywele nyekundu na macho ya buluu. Kwa Wagiriki, sisi na wao tulikuwa ncha mbili za dunia. Bakuli lile likaziweka ncha hizo mkononi mwa mtu mmoja, akinywa.

Kuanguka kwa namna tatu

Ndiyo maana nasema tutenganishe mambo. Dola la Waodrisi lilianguka mwaka 341 KK, likainuka nusu, likatikiswa tena na Waselti walioingia mwaka 279 KK. Uhuru wa Wathrakia ulikufa polepole mikononi mwa Warumi. Na Wathrakia wenyewe, kama watu wenye lugha yao, walidumu karne nyingi baada ya vyote viwili.

Roma kwanza ilitawala kwa kupitia wafalme wenyeji. Mwaka 26 BK ikaja amri ya kuandikisha vijana jeshini, na habari zikaenea milimani kwamba safari hii hawatapigana karibu na kwao chini ya wakuu wao, bali watachanganywa na mataifa mengine na kuburutwa nchi za mbali. Wakaasi. Jemadari Poppaeus Sabinus akawazingira ngomeni, akakata maji na malisho, huku mfalme wa Thrakia Rhoemetalces akiwa upande wa Roma. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasimulia yaliyotokea ndani. Mzee Dinis, aliyeijua nguvu ya Roma, alishauri kujisalimisha, akatoka wa kwanza na mkewe na watoto. Kijana Tarsa akasema heri kufa upesi, akajichoma upanga mbele ya wote, na wengine wakamfuata. Turesis akangoja usiku wa mvua na radi, akashambulia mistari ya Warumi. Ngome moja, adui mmoja, njia tatu. Mwaka 46 BK, baada ya mfalme Rhoemetalces III kuuawa, Kaisari Klaudio akaifanya Thrakia jimbo. Kaskazini, Wadakia wa mfalme Decebalus walihimili hadi mwaka 106 BK.

Kile walichokiogopa kikatimia. Vikosi vyenye jina la Wathrakia vilitumika kutoka Uingereza hadi Siria. Misri walikuwako tangu enzi za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio, wakipewa mashamba huko Fayum na kumwabudu mungu wao mpanda farasi. Mwaka 235 BK askari wa Kithrakia aliyepanda vyeo, Maximinus, akatangazwa kuwa kaisari, akatawala miaka mitatu. Nyumbani, wakulima waliendelea kuchonga vibao vidogo vya mawe vya Mpanda Farasi, mungu anayekwenda mbio kuelekea mti wenye nyoka, na maandishi chini yake yakawa ya Kigiriki au Kilatini. Mwanajeshi aliyestaafu alirudi na Kilatini, mfanyabiashara alizungumza Kigiriki, na Kithrakia kikabaki lugha ya jikoni na mlimani.

Ukristo ukapanda huko milimani pia. Mnamo mwaka 400 BK askofu Nicetas wa Remesiana alisifiwa kwa kuwageuza Wabesi, wale wale wachimba dhahabu wa Rhodope waliowasumbua Warumi kwa ukaidi wao. Walikuwa wangali na jina lao, miaka zaidi ya 700 baada ya kisu cha Ainos. Sasa mizani ya Herodotus naiona kwa namna nyingine. Kwa kuwa hawakuwa na mji mkuu mmoja wala kiti kimoja, hapakuwa na pigo moja la kuwamaliza. Filipo aliung'oa ufalme, Klaudio akaifuta taji, na mabonde yakaendelea kuzika watu wake chini ya vilima na kuwapa watoto majina ya mababu.

Waliowamaliza hawakuwa na nia ya kuwamaliza. Katika karne ya 6 na ya 7 Waslavi walivuka Danube wakiwa familia kwa familia, wakatafuta ardhi ya kulima katika nchi iliyokuwa imechoshwa na vita na uvamizi. Mwaka 681 Wabulgari walikuwa na dola lao hapo. Kithrakia kilikoma wakati fulani katika kipindi hicho, pasipo mtu yeyote kuandika kwamba kimekoma.

Lakini Waslavi hawakukuta nyumba tupu. Mto Strymon wakauita Struma, Nestos wakauita Mesta, na Mesembria, ambamo *bria* ni neno la Kithrakia la mji, ukawa Nesebar. Na ule mji wa Filipo kwenye Maritsa? Wagiriki waliendelea kuuita Philippopolis. Wathrakia walikuwa wameutafsiri wakauita Pulpudeva, kwa kulitamka jina la mfalme kwa ulimi wao na kuongeza *deva*, mji. Waslavi hawakulichukua jina la Kigiriki. Walilichukua lile walilolisikia kwa wenyeji waliowakuta, na leo mji huo, wa pili kwa ukubwa nchini Bulgaria, unaitwa Plovdiv.